Msimwambie kijana aache fegi huku mnamwagizia bia

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lenu niseme la moyoni. Mimi ni fundi pikipiki hapa Moshi, gereji yetu iko upande wa Pasua, kutwa nashinda na vijana wa bodaboda, huyu ana miaka 19, yule 22, mwingine 25, na kuna wengine naona kabisa wanaisha mbele ya macho yangu na wazazi wao wanajua ila wamechoka kusema.

Mimi mwenyewe nimevuta sigara miaka tisa. Nilianza na ile ya mojamoja dukani kwa Mangi, baadae ikawa kumi kwa siku. Nimejaribu kuacha mara nne na mara zote nne nimerudia palepale, baa, chupa ya pili ya bia, mshkaji kawasha, mkono wangu huo umeshaenda kwenye pakti yake kabla ata sijafikiria. Mchana nilikuwa naweza vizuri tu, napiga kazi, naongea na wateja, shida ilikuwa inaanza giza likiingia. Ndio maana naumia nikisikia semina ya sigara inaongea sigara tu, alafu siku nyingine semina ya pombe inaongea pombe tu, wakati kwa hawa vijana hivyo vitu vinaingia pamoja. Tuna vijana pale kijiweni Jumatatu mpaka Alhamisi hawagusi fegi, Ijumaa usiku anamaliza pakti nzima, na ukimuuliza anakujibu mimi sio mvutaji bro, navuta nikipiga vyombo tu, yani nikinywa pombe.

Angalieni Kwaresma. Kila mwaka hapa kwetu vijana kibao wanafunga pombe na sigara siku arobaini, na wanaweza kweli, nawaona. Nikotini, ile inayomfanya mtu awe teja wa sigara, inatoka mwilini ndani ya siku tatu hivi, zile siku ndio moto, kichwa kinauma, hasira za bure, usingizi hamna, alosto, ile hamu kali ya kuvuta, inapanda. Ikifika wiki ya pili mpaka ya nne inapungua yenyewe. Sasa mtu wa siku arobaini ameshavuka pagumu kote, alafu Pasaka anaitwa na wakubwa zake, anawekewa bia nne mezani kwa furaha tu ya sikukuu, na usiku huohuo fegi imerudi. Alafu Jumatatu tunamuita dhaifu!

Na tukisema kunywa sana wengi wanafikiria mpaka mtu alale mtaroni. Shirika la Afya Duniani wanahesabu kuanzia gramu 60 za kilevi chenyewe kwa mkao mmoja, bia ya nusu lita ya asilimia 5 ina kama gramu 20, kwaiyo chupa tatu tayari umefika. Nikiwaambia hivyo vijana wanabisha, kwao chupa tatu ni kupasha. Bado hatujaongelea vibapa, zile chupa ndogo za pombe kali. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017 na kweli vile vipakti vikapotea, lakini kibapa kinaingia mfukoni kwenye jaketi bila shida na dereva anaendesha nacho. Ata mbege, pombe yetu ya ndizi, inalewesha, sitetei, ila mzee wangu alikuwa anakunywa amekaa na wenzake kata inazunguka, hakuwa anabugia peke yake juu ya pikipiki.

Mdogo wangu wa tumbo moja alianguka usiku akavunjika mguu, alikuwa amekunywa. Hospitali tuliyompeleka, sitaitaja, kitu cha kwanza alichoambiwa mbele za watu ni mlevi wewe, utaua watu. Hakujibu kitu. Alivyotoka akaanza kunywa zaidi ya mwanzo, tena na magongo yake, na mimi kaka yake nikawa namsema vilevile kila siku, nikidhani nasaidia. Kilichombadilisha ni nesi mmoja siku ya kliniki, alikaa nae pembeni kama robo saa tu. Alimuuliza unakunywa siku ngapi kwa wiki, ngapi kila ukikaa, unapenda nini kwenye pombe, imekuharibia nini, wewe mwenyewe ungependa upunguze mpaka wapi. Mdogo wangu akataja namba kwa mdomo wake, chupa mbili, Jumamosi tu. Aliniambia kaka yule dada hakunigombeza, nikaona aibu kumdanganya. Haikunyooka siku moja, kuna wiki alianguka akarudi, ila ile namba alikuwa anaikumbuka manake ilikuwa ya kwake.

Baadae ndio nikajua kumbe hayo maongezi yana utaalamu wake. Hospitali ya KCMC hapahapa Moshi, wakishirikiana na chuo cha Duke cha Marekani, wamefanyia utafiti kitu kinaitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako, nesi anaongea na majeruhi waliofika dharura, maongezi mafupi ya heshima, alafu mtu anatumiwa meseji za kumkumbusha. Yani kitu kimetengenezwa kwa watu wetu na kwa lugha yetu. Ombi langu ni kwamba kisisubiri kijana avunjike mguu. Huyo nesi au afisa afya wa kata aje kijiweni, saa nane mchana madereva wengi wamepumzika kivulini, akae kwenye benchi letu, aulize pombe na sigara kwa pamoja.

Kuna jambo lazima niliseme kwa nguvu maana linaua. Yule anayekunywa kila siku, anayeamka anatetemeka mpaka azimue kwa kunywa tena, msimfungie ndani mkamwambia aache leo. Pombe ikikatika ghafla kwa mtu wa hivyo inaweza kumletea degedege, kuona vitu visivyokuwepo, na kufa anaweza akafa. Huyo anapelekwa hospitali aache akiangaliwa na wataalamu. Fegi ni tofauti, kuacha ghafla kunatesa ila hakuui.

Kilichonisaidia mimi mara ya tano ni mwezi mzima bila baa, nilikuwa naangalia mpira nyumbani kwa jirani. Alosto ikija nilikuwa nahesabu dakika, mara nyingi haifiki tano, nakunywa maji, natembea mpaka getini narudi. Na kibubu. Sigara kumi za miambili ni elfu mbili kwa siku, mwezi elfu sitini, nilimwambia mke wangu akae na funguo. Nilikuwa na miaka 28. Nimesoma kwamba anayeacha kabla ya kufika 30 anakwepa karibu madhara yote ya ile miaka kama kumi ambayo mvuta sigara anapoteza, na hilo nalirudia kwa hawa madogo kila siku manake wengi wanaona wameshachelewa na miaka yao 23! Wale wanaoenda kupiga kazi migodini Mererani nawaambia na la TB, yani kifua kikuu, sigara na pombe nyingi vyote vinaongeza hatari, na hospitali ya TB ya Kibong'oto sio mbali.

Wenye maduka nanyi, sheria ya tumbaku ya 2003 inakataza kumuuzia sigara mtoto chini ya miaka 18, mnaijua, lakini bado mtoto anatumwa fegi ya baba na anapewa.

Desemba inakuja na ndugu wote wanapanda huku nyumbani, kila boma kreti zimepangana. Nawaomba wajomba na baba wadogo mnaotoka Dar, mkimkuta kijana wa nyumbani anasema amepunguza msimcheke, msimjazie glasi kumpima, na msimuite nje mkavute wote eti kwa vile ni sikukuu.

Hapa gereji kuna kijana leo ana siku ya 17 bila fegi. Jumamosi dada yake anaolewa Kibosho na ameniomba niende nikae nae meza moja mpaka mwisho. Nimeshamwambia bosi wangu siku hiyo nafunga mapema, tutakunywa soda.

Msomaji wenu,
Fundi pikipiki, Pasua, Moshi