Akili mnemba na kemikali zinazoishia ziwani

Mhariri,

Ninaandika kutoka Mwanza, ambako Mto Mirongo hukatiza mjini na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria, ziwa lilelile tunalochota maji ya kunywa. Tuzo ya Nobeli ya Kemia ya mwaka 2024 ilikwenda kwa David Baker, aliyebuni protini mpya kwa kompyuta, na kwa Demis Hassabis na John Jumper, ambao akili mnemba yao hutabiri maumbo ya protini. Jambo hili linatuhusu sana, kwa kuwa vimeng'enya, ambavyo karibu vyote ni protini, huharakisha mabadiliko ya kemikali ndani ya maji, mara nyingi bila joto kali wala viyeyushi (vimiminika vya kuyeyushia kemikali) vyenye sumu, ambavyo vingeweza kuishia ziwani. Naomba vyuo vyetu vifundishe ubunifu huu pamoja na vipimo vya maabara, maana molekuli iliyobuniwa na kompyuta pekee bado haijathibitika kuwa salama kwa sato na sangara.

Msomaji wako,
Mwanza