Barua kutoka Trieste: waridi walikuja mwisho

Trieste, Italia

Baba Mdogo,

Shikamoo. Uliuliza ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya San Giovanni iligeuzwaje kuwa bustani ya mji. Wageni wengi hupiga picha bustani ya waridi, aina takriban 5,000, wakaondoka. Waridi walikuja mwisho kabisa.

Hospitali ilifunguliwa 1908, majengo mengi yaliyotawanyika kilimani. Daktari wa magonjwa ya akili Franco Basaglia alipokabidhiwa uongozi mwaka 1971 alikuta wagonjwa karibu 1,200, wala hakuanza na majengo. Alizigawa wodi upya kwa kufuata maeneo ya mji: watu wa eneo moja wakae pamoja na wauguzi wao, badala ya kutengwa kwa ukali wa ugonjwa. Ufundi wote umelala hapo. Mgonjwa alipotoka, timu iliyomjua ilimfuata hadi mtaani kwake.

Halafu kazi. Wagonjwa walikuwa wakifagia na kufua bila mshahara wa maana, eti ni tiba. Wakaunda chama cha ushirika, kazi ileile ikalipwa kama kazi. Aliyeruhusiwa lakini hana pa kwenda aliandikwa "mgeni": yuko huru, na chumba anacho. Ukiruka hatua hii, watu huishia barabarani au hurudi wodini.

Mwaka 1973 wagonjwa na wahudumu walitengeneza sanamu ya farasi mkubwa wa buluu, Marco Cavallo, kwa mbao na karatasi, iwe ishara ya kutoka na kuwa huru. Hakuenea mlangoni, ikabidi pavunjwe ndipo atoke!

Kuanzia 1975 vilifunguliwa vituo vya afya ya akili mitaani, vyenye vitanda vichache na wahudumu usiku na mchana. Sheria ya Italia namba 180 ya Mei 1978 ikazuia kujenga hospitali mpya za aina hiyo. San Giovanni ikafungwa 1980.

Leo mle ndani mna idara za chuo kikuu, ofisi za afya, ukumbi mdogo wa maigizo, redio, na mgahawa wa ushirika. Kasoro ni kwamba majengo yaligawanywa kwa wamiliki mbalimbali, na yaliyokosa mtumiaji yakakaa matupu miaka mingi. Jengo tupu halina wa kuzibua mifereji ya paa. Maji yakituama hupenya ukutani, boriti zikaoza, na ukarabati ukawa ghali kuliko matumizi yoyote yanayopendekezwa. Kwa maoni yangu, bora kutumia vyumba viwili vya chini kuliko kulifunga jengo zima likisubiri fedha.

Ramani ya majengo nitaiambatisha na barua ijayo. Msalimie Mama Mdogo.

Mwanao