Hao samaki hawana kansa, na vifaranga vyetu havina kosa

Wiki hii tena nimetumiwa picha WhatsApp, sato ana mabonge mabonge ya njano pembeni ya mashavu na kwenye mapezi, na chini ujumbe mrefu kwamba sisi wauza vifaranga vya samaki na chakula chao tumemuuzia mtu vifaranga vyenye kansa, tumrudishie hela yake. Hizi simu zimezidi, hasa kutoka kwa wafugaji wa huku kwetu Mwanza wenye mabwawa ya kuchimba, kwa hiyo tuongee.

Tulimfuata. Tukapasua bonge moja kwa wembe mbele yake, akatoka mnyoo wa njano, anajikunjakunja kiganjani. Mayai yake yanaletwa na ndege wanaokula samaki, korongo na mnandi, halafu mnyoo anapitia kwa konokono ndo anaingia kwa samaki. Na bwawa lenyewe nyasi zimeshuka mpaka majini, konokono wamejibandika kwenye mabua, mnandi wamejaa kwenye mti pembeni. Siku ananunua vifaranga tulimwambia afyeke kingo na afunge nyavu juu, akasema nyavu ni gharama. Haya, mnyoo akipikwa vizuri anakufa, lakini niambie mama ntilie gani atanunua samaki wa hivyo!

Kansa kwa samaki wa kufugwa ipo, sikatai. Huko Marekani mwaka 1960 iligundulika samaki aina ya trauti wa kufugwa wanaota kansa ya ini kwa wingi, kuja kufuatilia chanzo ni chakula, mashudu ya pamba yaliyoota ukungu, yenye sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, hii hii tunayoisikia kwenye mahindi na karanga. Sasa Kanda ya Ziwa mashudu ya pamba si ndo kwao? Sato wetu ni mgumu kuliko trauti na tunamuuza bado mdogo, kwa hiyo uvimbe wa ini huwezi kuuona kirahisi, ila ini linaharibika kimyakimya, hakui, ukimgusa na wavu tu anakufa. Wenye samaki wazazi wa kuzalisha vifaranga, wanaokaa nao miaka, ndo waogope zaidi.

Kuna mama mmoja alipata mashudu yaliyonyeshewa, kauziwa nusu bei. Akayaanika, akayachekecha, akayakaanga kidogo, yakanukia vizuri kabisa. Jamani, ukungu unakauka lakini sumu inabaki, moto wa jikoni hauiwezi. Tulipoenda samaki wamedumaa, tukipasua ini limepauka limekuwa la njano, na yeye kashamwaga bwawani antibayotiki ya kuku kwa ushauri wa jirani. Hela aliyookoa kwenye mashudu iliishia kwenye dawa, na samaki akauza kwa bei ya kutupa.

Ndo maana nikisikia "chakula chenu ghali" nanyamaza kwanza nivute pumzi. Sisi malighafi ikija na unyevu inarudi na gari lake, hata kama dereva anatukana. Magunia yanakaa juu ya chaga, sio sakafuni, na mfuko uliokaa sana stoo hatukuuzii, tunakula hasara wenyewe. Anayekuuzia kwa bei ya chini muulize anayalaza wapi.

Na hela ya ukaguzi, elfu hamsini, sio ya "kuangalia tu". Tunavua, tunapasua, tunaangalia mashavu, ini, wengu, tunaweka ute kwenye darubini. Uvimbe tusiouelewa unaenda maabara, wanakata kipande chembamba wanakipima, hapo ndo mtu anaweza kutamka neno kansa, na hiyo gharama unalipa mwenyewe. Kwa picha ya simu hakuna anayeweza, hata awe daktari.

Ukituletea mwenyewe, mlete samaki akiwa hai kwenye ndoo yenye maji ya bwawani, asubuhi kabla jua halijawa kali. Waliogandishwa friza wiki nzima msituletee, nyama inaharibika maabara hawaoni kitu. Na beba chakula kikombe kimoja, chota chini kabisa ya gunia ndo kwenye unyevu, sio kile kizuri cha juu.