Mkikata gari, kumbukeni chumvi

Mhariri,

Jumapili iliyopita gazeti lako lilikuwa na makala kuhusu vijana wanaotanua magari yao ya kasi nyumbani kwa vipande vya faiba. Mwandishi alimaliza kwa kusema kwamba kazi yenyewe ni ya wikendi moja ukishakuwa na grainda na drili. Niliisoma nikiwa nimekaa juu ya tairi kuukuu uani kwa dada yangu, hapa Mtwapa, mbele ya Nissan Fairlady Z ya mpwa wangu ambayo mashavu yake ya nyuma, pale juu ya magurudumu, yako wazi tangu Novemba. Nikairudia mara ya pili. Kisha nikamwambia kijana anipe kalamu.

Mimi si mtu wa magari. Kwa miaka 22 natengeneza boti za faiba katika hori hili la Mtwapa, za wavuvi na za watalii. Babu yangu alikuwa mkalafati, akiziba majahazi kwa pamba na mafuta. Mimi nikaangukia kwenye rezini, ile gundi ya majimaji inayogandisha faiba. Ndiyo maana masanduku matatu ya vipande vya kutanulia gari yalipofika kwa meli kutoka Sharjah, kijana aliyapeleka moja kwa moja kwangu. "Mjomba, hii kazi yako," alisema. "Ni faiba tu."

Hilo "tu" ndilo lililotuponza, na ndilo nililoliona limejaa katika ile makala.

Nilivitoa vipande kimoja kimoja nikavigonga kwa sarafu, kama tunavyogonga ubavu wa boti kabla ya kumwambia mwenyewe bei. Faiba nzima hujibu kwa sauti kavu, ya juu. Palipo na hewa ndani, au mati, yaani kile kitambaa cha nyuzi, haikunywa rezini vizuri, sauti inakufa. Shavu la nyuma kushoto lilikuwa na mahali patatu palipokufa. Unene nao ulikuwa wa kubahatisha: milimita mbili hapa, tano pale. Halafu tukapima. Kipande cha mbele kushoto kilipishana na mwenzake wa kulia kwa milimita 14 karibu na mlango.

Sikushangaa. Ile ilikuwa nakala ya nakala. Mtu hununua seti halisi, anaitolea kalibu, anauza. Mwingine ananunua hiyo naye anatoa kalibu yake. Rezini ya poliyesta hunywea kidogo inapokauka, kwa hiyo kila kizazi huzaliwa kidogo kuliko baba yake. Anayekuambia "unafunga tu bolti" hajapata kufunga mtoto wa mjukuu.

Tulivibandika kwenye gari kwa utepe wa karatasi tukaviacha juani siku tisa kabla ya kutoboa tundu hata moja. Majirani walicheka. Lakini faiba changa bado inatembea, yaani inajipinda, hasa nyeusi iliyowekwa kwenye jua letu la saa saba, na heri itembee ikiwa imekaa mahali pake kuliko ikiwa imeegemea ukuta. Siku ya kumi tukajua pa kuongeza mati na pa kusugua.

Hapo ndipo nilipoondoka kwenda Lamu kwa kazi ya wiki tatu, na hapo ndipo kijana alipokata.

Mbele hakuna hadithi ndefu. Madigadi za mbele hufunguliwa kwa bolti. Ukikosea unatafuta nyingine. Nyuma ni mwili wa gari wenyewe, na mwili huo una ngozi mbili: ya nje tunayoiona, na ya ndani inayofunika gurudumu. Zimeunganishwa pale ukingoni. Ukipitisha grainda mstari mmoja juu, umekata mshono huo, na kati ya ngozi mbili umefungua mfuko unaotazama tairi. Maji, mchanga, tope, vyote vitaingia humo. Mpwa wangu alikuwa ameangalia video ambayo jamaa aliziba mfuko ule kwa silikoni, akaufunika kwa faiba, akapiga picha. Naye akafanya vivyo hivyo. Niliporudi gari lilikuwa limesimama kama simba, pana, limeinama, na dada yangu analionyesha kwa wageni. Sikuuliza kilichokuwa chini. Nisamehewe hapo, mimi ndiye mkubwa, nilipaswa kuuliza.

Masika ya Mei yakapita. Kijana akaanza kusikia kitu kama maji ya dafu upande wa nyuma akipiga kona. Kufika Agosti, kila bolti ya nyuma ilikuwa inalia machozi ya rangi ya kahawia juu ya rangi nyeupe. Novemba tukafungua. Silikoni ilikuwa imebanduka, na mfukoni mlikuwa na kiganja kizima cha mchanga mbichi, wenye chumvi. Kidole changu kilipita kwenye chuma mahali pawili.

Mhariri, naomba wasomaji wako wa pwani wanisikilize hapa kuliko kwingine. Bolti zile zilikuwa stenlesi, nzuri, za kung'aa, na kijana alizinunua kwa bei akidhani anajilinda. Sisi wa boti tunalijua jambo hili kwa uchungu. Ukiweka stenlesi imegusa chuma cha kawaida kisha ukaleta maji ya chumvi, stenlesi inabaki inang'aa na chuma kilichoizunguka ndicho kinacholiwa. Na huhitaji kuliendesha gari baharini. Hewa ya Mtwapa inatosha. Kile kipande cha mpira kinachowekwa kati ya faiba na bodi ili kupendezesha ukingo, nacho hushika unyevu kama sponji.

Mtu atasema faiba haiozi. Kweli haiozi. Boti yangu ni faiba juu hadi chini, ndiyo maana inaishi. Gari mlilolivika faiba bado ni chuma, na sasa ni chuma msichokiona.

Tunavyofanya safari hii ni hivi. Tangi limetolewa mafuta, kwa sababu bomba la kujazia linapita humo humo karibu na gurudumu na cheche za grainda hazina adabu. Betri imefunguliwa kabla ya fundi wa kuchomelea kugusa chochote, maana kompyuta ya gari ni ghali kuliko fundi. Ngozi ya ndani tumeikata vimeno vya upana wa vidole viwili, tukavikunja juu hadi vikaikuta ya nje, tukachomelea, tukapaka praima ya zinki, kisha mshono wote tukaupitisha ile dawa nzito ya kuzibia viungo vya bodi, ndani na nje. Babu angeiita kalafati, na angekuwa sahihi. Chini kabisa tumeacha tundu la maji kutoka. Kila bolti ina kola ya nailoni na grisi, isiguse chuma kavukavu.

Kabla ya kukata tena tulitoa springi tukalisukuma gurudumu juu kwa jeki mpaka mwisho wake, tuone tairi linafika wapi. Mara ya kwanza kijana alipima gari likiwa limesimama, tupu, tambarare. Akapata jibu siku alipobeba marafiki watatu na kupita kwenye tuta la Majengo.

Kuhusu speisa, vile vipande vya kulisukumia gurudumu nje, nina neno moja: uzi wa bolti uingie ndani ya nati angalau sawa na unene wa bolti yenyewe. Kwa gari hili ni milimita 12. Pungufu ya hapo usiondoke uani.

Sasa hewa. Makala yako ilikuwa na picha ya kijana anapiga msasa faiba akiwa na barakoa ya kitambaa, ya zile tulizobaki nazo tangu korona. Haimsaidii. Kwa vumbi kuna barakoa zake, na kwa harufu ya rezini kuna nyingine yenye kichujio cha makaa. Ya kwanza haifanyi kazi ya ya pili. Nilimkuta mpwa wangu akipiga msasa saa nne asubuhi, upepo unavuma kuelekea kwa jirani, na jirani ameanika. Mama yule alifua kanga zake mara tatu na bado alikuwa akijikuna. Tulikwenda kumwomba radhi na kilo mbili za sukari, akazipokea bila kutuangalia. Tangu siku hiyo tunasugua kwa maji, msasa wa maji, na kinachodondoka tunakifuta kikiwa bado tope.

Na ndoo ilichemka. Hadina, dawa ya kugandisha rezini, inatakiwa iwe kati ya gramu 10 na 20 kwa kilo ya rezini, na kwa joto letu mimi huwa sivuki kumi na kitu, na hufanya kazi alfajiri. Kijana alikadiria kwa kifuniko cha chupa, saa sita mchana, kilo mbili ndani ya ndoo moja nyembamba. Rezini ikiwa nyingi pamoja hujipikia yenyewe. Haikuchukua dakika kumi: moshi, harufu, chini ya ndoo kumeyeyuka. Tuliisukuma kwa mti mpaka mchangani. Ingekuwa ndani ya gereji yenye mlango mmoja na mkebe wa asitoni, dawa ya kuoshea rezini inayoshika moto upesi, pembeni, barua hii ingeandikwa na mwingine.

Msinielewe kwamba napinga. Gari hili nalipenda. Huyu Fairlady ni mjukuu wa Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, ile ya pili ikiendeshwa na Shekhar Mehta, na marehemu baba alikuwa na picha yake aliyoikata gazetini, nyekundu, boneti nyeusi, imebandikwa juu ya redio mpaka ikageuka manjano. Hata ubishi wetu kuhusu bolti uliisha kwa mimi kukubali. Nilitaka tuzifukie kwa fila ili shavu lionekane limeota lenyewe. Kijana akaniambia kuna Mjapani wa Kyoto, Kei Miura, anayechora seti za kutanulia magari ziitwazo Rocket Bunny, na yeye huziacha bolti zionekane makusudi. Nikafikiri, nikaona ni sawa, ila kwa sababu yangu: chuma na faiba havitanuki sawa juani, na fila iliyopakwa juu ya kiungo chao itapasuka. Isitoshe, bolti inafunguka. Kila baada ya masika tutafungua, tutaosha chumvi, tutafunga.

Ninachokuomba, Mhariri, ni kwamba mkiandika tena msituambie wikendi. Andikeni miezi. Andikeni pia kwamba kampuni ya bima ijulishwe kabla ya grainda kuwashwa, kwa sababu sisi tuliijulisha baadaye na mazungumzo hayajaisha.

Shavu la kulia limekwisha kuzibwa. La kushoto fundi wa kuchomelea atarudi Ijumaa baada ya swala. Rangi bado: kijana anataka kijivu, mama yake anataka nyekundu yenye boneti nyeusi, na gari, kwa sasa, lina rangi ya zinki.

Fundi wa boti,
Mtwapa, Kilifi