Kuku wa Saranda

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili usiku

Ndugu yangu Shabani,

Shemeji yako anakusalimu, watoto wanakuamkia. Juzi salio liliniishia pale pale mafuta yanaposhika moto, na najua ulibaki na simu sikioni unanilaani. Nakumalizia kwa kalamu, maana hii hadithi ya kuku wa stesheni ya Saranda ni yako kuliko ilivyo yangu.

Ilianza kwenye treni. Nilikwenda Dar kikazi, nikarudi na hii ya umeme. Safari ya saa tatu na kitu! Ukisinzia Morogoro unazindukia Dodoma. Viti laini, kiyoyozi, na dirisha halifunguki. Nilikaa nikihisi kuna kitu kinapungua, hadi tukapita Kilosa ndipo nikajua: hakuna mkono ulioingia dirishani na paja la kuku. Wanaendelea kuijenga reli yake kuelekea Tabora, lakini hata ikifika sidhani kama itamsubiri mtu ateremke Saranda abishane bei.

Basi Saranda ikanikaa kichwani. Wewe unaikumbuka vizuri zaidi. Mwaka 1996, likizo ya Desemba, daraja la tatu, tumelala juu ya masanduku tangu Tabora. Treni ikishuka ule mteremko wa Bonde la Ufa kutoka Manyoni, breki zinanuka behewa zima, halafu chini kule kina mama na mabeseni wanakimbia kabla haijasimama. Yule wetu alikuwa na beseni la bluu na kitambaa cheupe. Nusu kuku kwenye gazeti, chumvi na pilipili kwenye kijikaratasi cha pembeni. Na ile siku treni iliondoka na chenji yetu mkononi mwake! Alikimbia mguu mmoja una ndala, mwingine hauna, mpaka akakutia sarafu kiganjani. Sikuwahi kumuuliza jina.

Nikasema nitampika kuku yule hapa hapa nyumbani.

Mara ya kwanza nilinunua kuku wa kisasa, nikamchovya kwenye mayai na unga wa ngano kama wanavyofanya vijana wa chipsi. Watoto walifurahi mno. Kwangu alikuwa kuku wa kibanda cha chipsi, basi.

Mara ya pili nikaenda soko la Majengo kutafuta wa kienyeji. Muuzaji akaniapia kwamba jogoo ametoka Singida. Pale Majengo kila kuku ametoka Singida, hata aliyezaliwa Chang'ombe. Nikatoa 25,000 bila ubishi, nikamkata vipande, nikamtosa mbichi kwenye mafuta ya moto. Nje akawa mkaa, ndani mfupa una damu. Tumaini alivuta paja kwa meno mpaka kiti kikasogea. Mama yake akaniambia, "Baba Tumaini, huyu jogoo alikuwa na umri wa kuoa."

Nikampigia mama kule Bahi. Alicheka kwanza, kisha akanisomea kama anamsomea mtoto. Kuku wa kienyeji huchemshwa. Chumvi weka mpaka mkono uogope, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, bizari kidogo ya rangi, funika, moto mdogo. Umbonyeze paja kwa kidole, likikubali, funua maji yakaukie humo humo. Usimwage ile supu, maana chumvi yote iko kule na lazima imrudie kuku. Halafu muache apoe, akauke ngozi, ndipo umkaange. "Na mafuta ni alizeti," akasema, "ya kukamua, si hayo yenu ya chupa."

Hapa ndipo salio lilipokata. Nilinunua alizeti ya mashine ile nzito, yenye harufu ya mbegu, nikaijaza karai hadi karibu na ukingo, nikachochea mkaa. Shabani, yale mafuta hayajasafishwa. Yana uteute wake. Yalianza kutoa povu, povu likapanda kama maziwa, nikatosa kipande na bado kina unyevunyevu, yakafurika juu ya mkaa. Moto ukapanda hadi kwenye kamba ya nguo. Kanga ya shemeji yako imeungua pembe, na deni hilo bado nalipa.

Lakini nilijifunza. Alizeti ya namna hii huweki nyingi, na unaipasha polepole mpaka povu life lenyewe. Tena haitaki moto mkali, inawahi kutoa moshi na kuwa chungu. Nikaelewa kwa nini wale kina mama walichemsha kwanza. Mimi nilidhani ni kulainisha tu, kumbe mafuta yao yasingeweza kumwivisha kuku mbichi bila kuungua. Karaini anaingia akiwa ameshaiva, anachukua rangi na harufu, anatoka.

Mara ya tatu, jana, nikafuata yote. Nikaonja kipande cha moto. Kitamu, sikatai. Lakini si yeye! Nilikaribia kulia kwa hasira. Sasa nimekosea wapi tena?

Kabla sijajibu tukaitwa msibani, jirani amefiwa na shangazi yake. Mama Tumaini akawatia kuku wote kwenye beseni, akafunika na kitambaa, tukaenda kukaa. Tumerudi saa tano usiku, njaa inauma. Sikuwasha hata taa ya jikoni. Nilifunua kitambaa, ile harufu ikanipanda usoni. Ngozi imelegea, ina unyevu, imejikunja. Mafuta yameganda rangi ya njano kwenye kiungo cha paja, na chumvi imefika mfupani. Nikala nimesimama, wa baridi kabisa.

Ndiye.

Mwezi mzima nahangaika ngozi ivunjike mdomoni, wakati kuku wa Saranda hakuwahi kuwa mkavu. Alikaangwa alfajiri, akakaa chini ya kitambaa anajifukiza kwa mvuke wake akisubiri treni iliyochelewa. Halafu akaja mikononi mwako. Unakumbuka sheria yako? "Tusile mpaka tuvuke Bahi." Ulisema tukila mapema behewa zima litaomba, na mimi nikishuka Dodoma wewe utafika Morogoro na mifupa. Ukampakata kwenye gazeti, mimi nameza mate, tukifungua herufi za gazeti zimejichapa kwenye ngozi. Miaka yote hii nimemsifu yule mama peke yake, kumbe nusu ya mapishi ulikuwa ubahili wako.

Sasa jaribu huko Kigoma. Mama mkwe atakwambia utie mawese. Mkatalie kwa adabu. Aliyekuletea barua hii ana dumu la lita 5 la alizeti, lako. Lifungue taratibu na ulisimamishe wima, kifuniko kinavuja, na nimemwambia asiliweke karibu na nguo zake, sijui kama alinisikia.

Wako,
Lameki