Hela ya blogu ya safari iko stendi ya Mombo

Mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi habari za kazi.

Nimesoma ile makala yenu ya wiki iliyopita, mnawashauri vijana wasio na ajira wafungue blogu za utalii, eti mtu akiwa na simu janja na bando tayari ana mradi, anatembea anapiga picha na hela inaingia yenyewe usiku kalala. Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Lushoto na blogu yangu ya safari za Usambara ina mwaka wa saba sasa, naandika Kiswahili na Kiingereza, na hela nimeipata sikatai, ila haikuja kwa njia mliyoiandika nyie, kwa hiyo naomba nafasi niseme ilivyokuwa kabla kijana wa watu hajauza mbuzi akanunua kamera.

Mwaka wa kwanza niliandika kama wanavyoandika wote. Machweo ya Irente, pale ukingoni mwa mlima wageni wanaposimama kutazama bonde, ukungu wa msitu wa Magamba, maporomoko ya Soni, habari za Wajerumani walivyouita mji huu Wilhelmstal, na lile ua la Usambara ambalo leo liko madirishani Ulaya nzima na jina lake la kitaalamu la zamani, Saintpaulia, limetokana na mkuu wa wilaya wa Kijerumani aliyelipeleka kwao miaka ya 1890. Niliandika kwa mapenzi jamani, picha nyingine nimepiga saa 12 asubuhi vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Waliosoma ni wanafunzi wangu na shemeji yangu wa Korogwe.

Posti iliyoniletea riziki niliiandika kwa hasira. Nilikuwa natoka Moshi, basi likaharibika njiani, nikashuka Mombo, kule chini ya mlima kwenye barabara kuu, saa 2 usiku magari ya kupanda mlimani yameshaisha, nikalala gesti ya pembeni ya barabara na mbu wake. Kesho yake nikaandika tu kama namwelekeza mgeni: ukitoka Moshi au Arusha mwambie konda mapema unashuka Mombo usije ukapitilizwa, Coaster za Lushoto zinapaki upande huu sio ule, nauli shilingi kadhaa, ni kilometa kama 33 na kona haziishi kwa hiyo mwenye kutapika akae mbele, gari linaondoka likijaa sio kwa saa, na jua likishazama usitegemee kitu. Basi. Picha ni moja, konda kaning'inia mlangoni na hata uso hauonekani vizuri.

Hiyo ndio inasomwa kuliko zote nilizowahi kuandika mpaka leo, na nilichukua muda kuelewa kwa nini. Anayeangalia picha ya machweo anasema wow anapita zake. Anayetafuta gari la Mombo huyo ameshakata tiketi ya ndege, likizo ameshapewa, hela anayo mfukoni na bado hajajua atalala wapi wala nani atampeleka Mtae, kijiji cha huku huku milimani. Huyo ndiye mteja, na amekuja kwako kwa sababu ya nauli ya Coaster.

Sasa njoo kwenye matangazo maana hapo ndio makala yenu imepaka rangi sana. Google AdSense, huo mpango wa Google wa kuweka matangazo kwenye blogu yako, hawakulipi mpaka ufikishe dola 100, na dola 100 yangu ya kwanza ilinichukua miezi 14. Anayebofya akiwa Ujerumani au Marekani anaingiza senti za maana kidogo, anayebofya akiwa Tanga anaingiza vumbi, sio kwamba wanatudharau, wenye matangazo tu ndio wanalipa zaidi kumpata yule. Halafu kabla ya hapo ukifikisha dola 10 wanakutumia barua ya posta, barua ya karatasi kabisa, ina namba ya siri ya kuhakikisha anwani yako, usipoiingiza ndani ya miezi minne matangazo yanasimama. Nani kati ya hao vijana wenu ana sanduku la posta? Mimi niliweka S.L.P. ya shule. Ya kwanza haikufika, nikaomba nyingine, ya pili ikafika kwa mkuu wa shule na nembo ya nje, akaniita ofisini kafunga mlango akaniambia mwalimu kama unadaiwa sema tusaidiane.

Kupokea hela nako ni hadithi. Nilipoanza, akaunti ya PayPal, ile huduma ya kutumiana hela mtandaoni, kwa Tanzania ilikuwa ya kulipia tu, kupokea huwezi, wakati wenzetu Kenya tangu 2018 wanatoa ya PayPal moja kwa moja kwenye M-Pesa. Kwa hiyo kamisheni zangu ndogo za wageni waliokata vyumba vya hoteli mtandaoni kupitia blogu zilikuwa zinaingia kwa binamu yangu Mombasa, yeye ananitumia, na kila mwezi nampigia kumkumbusha bila kumkumbusha, si unajua ndugu na hela.

Kilichonitoa ni kitu kingine kabisa. Kuna mama ana gesti ya vyumba vinane hapa mjini, nilimwandika kwenye ile posti ya Mombo kwa sababu tu anapokea simu hata saa 5 usiku. Siku moja ananisimamisha sokoni, "Mwalimu, nimepata Wajerumani wawili wanasema wamekuona kwenye simu, ulinitangaza lini?" Nikamweleza. Toka siku hiyo mgeni akisema katokea kwangu ananiwekea elfu 10, anaandika kwenye daftari la kaunta jina langu na mistari, mistari mitano anaifunga kama anavyohesabu ndoo za mahindi, mwisho wa mwezi napita. Waongozaji wawili wa mlimani nao wakaingia kwenye mpango huo huo. Julai na Agosti wageni wakijaa napata kwenye daftari lile kuliko AdSense ya nusu mwaka. Na msomaji namwambia wazi kwenye posti kwamba nalipwa, sitaki aje ajue kwa mtu mwingine.

Msione kama nimefika. Septemba 2023 Google walibadilisha wanavyopanga majibu mtu akitafuta kitu, blogu nyingi za safari duniani zikaanguka na yangu imo, wiki mbili tu wasomaji wakapungua zaidi ya nusu na mimi sijafanya kosa lolote. Halafu 2024 ikaja hii ya akili bandia, mtu anauliza anajibiwa pale pale juu, maneno mengine nayatambua kabisa ni yangu, na kwangu haingii. Machweo ya Irente yamekufa kabisa. Ya Mombo imepungua lakini haijafa, nadhani kwa sababu kila nikishuka pale nauliza nauli upya na kubadilisha tarehe juu, na hiyo akili bandia haipandi Coaster.

Na kitu kimoja makala yenu haijagusa hata kwa bahati mbaya, ni kibali. Wa zamani tunakumbuka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotoka, maombi laki moja, leseni milioni moja na ada ya mwaka milioni nyingine, kuna wenzangu walifunga wiki ile ile na hawakurudi. Mambo yamebadilishwa badilishwa baada ya hapo, kwa hiyo kijana kabla ya kununua domeni, yaani jina la anwani ya blogu, aende TCRA, mamlaka ya mawasiliano, aulize yeye anaangukia wapi na analipa nini. Hilo mlipaswa muandike aya ya kwanza.

Mnasema pia hoteli zitamgombania alale bure. Watamgombania kweli. Mimi kuna lodji moja iliniita siku mbili, nikaacha kusahihisha madaftari, nikapiga picha 60, wao wakazibandika kwenye ukurasa wao bila jina langu, na chakula cha mchana cha siku ya pili nililipia. Siku hizi nikiitwa nauliza kwanza bei ya picha, wengi wanakata simu, sawa tu.

Mwisho Mhariri, ile picha mliyoweka juu ya makala mkaandika ni Irente, ile sio Irente. Ukisimama Irente chini unaona Mazinde na mashamba ya katani. Ile ni Mtae, na kama mnataka kujua gari la kwenda Mtae linapaki wapi, niulizeni.

Mwalimu, Lushoto, Tanga