Pembe Tatu Kizingitini: Barua kwa Mwanangu

Lamu, Mfunguo Saba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi sote wazima, Alhamdulillah, ila bibi yako magoti yanamsumbua kwa baridi ya kusi na hataki kusikia habari ya daktari. Maulidi yamekwisha salama. Wageni wameondoka, mji umepoa, na mimi ndio kwanza nimepata nafasi ya kukaa na kalamu.

Simu yako ya juzi haijanitoka moyoni. Ulisema miezi minane sasa unatafuta kazi Mombasa, hujaona tangazo hata moja la mtu wa sanaa ya jamii, hii kazi uliyosomea ya kuwakutanisha watu kwa nyimbo na maigizo, na kwamba hoteli imekuita ukae mapokezi, nawe waona bora ukubali na haya mambo uyaache. Kisha ukaniuliza, “Mama, wewe waonaje?” Nikakwambia nitakuandikia, maana simu hukatika, na mimi maneno yangu huja polepole.

Kwanza hilo la tangazo. Hutaliona, mwanangu. Kazi hii haina jina moja. Makumbusho huiita elimu kwa umma. Mashirika ya afya huiita uhamasishaji. Shule humwita mtu huyo huyo mwalimu wa maigizo tamasha likikaribia, na tamasha likipita humsahau. Kaunti nayo huiweka kwenye utamaduni, na hiyo si fadhila, maana katiba ya 2010 ndiyo iliyoziachia kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma. Ukiitafuta kwa jina lililo kwenye cheti chako utaitafuta mpaka uote mvi. Jiulize badala yake: ni nani hapa anayehitaji watu wakutane, wasikilizane, watoke na jambo? Huyo muandikie barua hata kama hakutangaza.

Mafundi wetu uliwaona. Mwaka 2018 walipoishusha majini Flipflopi, ile jahazi ya plastiki iliyookotwa ufuoni na kuvikwa kandambili za kila rangi, nani kati yao alikuwa na cheti cha sanaa ya jamii? Mwaka uliofuata ikasafiri hadi Unguja, na kila bandari iliyotia nanga watu walikuja kuishika ubavu na kuzungumza habari za taka. Ufundi ulikuwa ule ule wa babu zao.

Wasifu wako nimeusikia, kaka yako alinisomea. Umeandika stashahada, umeandika kompyuta, umeandika lugha. Maulidi hukuyaandika. Kwa nini? Tangu una miaka kumi na tatu ndiwe uliyekuwa ukiwapanga wasichana wa madrasa, nani atangulie, nani ashike nini, nani asimame karibu na yule mwenye kigugumizi ampe moyo. Na mwaka ule wa mvua, watoto arubaini wamelowa uwanjani, wewe ndiye uliyekimbia kuomba ruhusa waingizwe ndani ya Ngome ya Lamu, ukatafuta mikeka, wakasoma mashairi yao yote, na kabla ya Isha kila mtoto yuko kwao. Babu yako alikuwa akipita mbele ya Ngome ile akiinamisha uso, kwa kuwa ilikuwa jela mpaka 1984. Wewe uliingia na watoto wakiimba. Andika hayo, mwanangu: watoto wangapi, mahali gani, mwaka gani, nani alikuruhusu. Atakayekuajiri hilo ndilo alitakalo kujua, kama wajua kupanga watu bila mmoja wao kupotea.

Sasa nikwambie jambo ambalo tulikuficha ukiwa mdogo.

Walikuja watu wa shirika moja kutoka mbali, wakataka vugo, ile ngoma yetu wanawake ya kugonga pembe kwa vijiti. Walikuwa na kampeni ya afya ya mama na mtoto, na walitaka wanawake wa mji waimbe ujumbe wao. Jambo la kheri, nani angekataa? Mimi ndiye niliyewaita wenzangu. Jioni tisa tulifanya mazoezi uani kwetu, kutoka Alasiri mpaka Magharibi ikaribie, pembe zikilia hadi majirani wakajua kila ubeti. Khalati yako, dada yangu, alitunga beti sita ambazo wanawake wanaziimba hadi leo wakichambua mchele. Tulipouliza malipo tuliambiwa tusiwe na wasiwasi, posho ipo. Kiasi gani? Hatukuuliza. Tuliona haya. Siku ya siku wakatuchukua video kutoka asubuhi hadi adhuhuri, jua likituchoma ndani ya mabuibui, kisha kila mmoja akapewa soda na leso moja yenye nembo yao. Wakapanda boti wakaenda zao.

Miezi ikapita, mtu akanionyesha kwenye simu yake. Wimbo wetu ule ule, sauti ya khalati yako, na chini yake jina la shirika. Sisi hatumo. Hilo liliniuma, lakini kuna lililoniuma zaidi. Wenzangu hawakuamini kwamba pesa hazikuwapo. Walidhani mimi niliyewaleta wageni nimepewa nikazila. Hakuna aliyenitamkia. Asubuhi moja nimefungua mlango nimpe paka maji, nikakuta pembe tatu kizingitini, kila moja na kijiti chake kando. Kwetu pembe hukaa na mpigaji wake, wajua. Ukiirudisha umejitoa. Kufikia Ijumaa zilikuwa saba. Nilizifuta vumbi, nikazipaka mafuta ya nazi moja moja zisikauke, nikazipanga rafuni. Wewe ulikuwa ukizichezea. Ilinichukua miaka miwili kuzirudisha mikononi mwa wenyewe, nyumba kwa nyumba, na moja mpaka leo haijarudi.

Ndiyo sababu nakuomba usione haya kwenye habari ya pesa. Uliza kiasi. Uliza ni lini, na nani atatia saini. Uliza video itakwenda wapi, itatumika muda gani, na majina yatatajwaje. Yaandikwe yote kabla pembe haijalia hata mara moja. Kenya ina sheria tangu 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na inasema atakaye kutumia kilicho cha jamii apate kwanza idhini ya jamii yenyewe, na kaunti ziweke daftari lake. Beti za khalati yako, kwa kuwa zina mtungaji anayejulikana, zinalindwa na hakimiliki kama za mtunzi yeyote. Sisi hatukuyajua hayo. Wewe umesoma, kwako ni wajibu kuyajua, na kuwaeleza wasiojua kwa Kiswahili wanachokielewa.

Na pesa zikija, zihesabiwe mbele ya wote, siku hiyo hiyo, hata zikiwa shilingi mia tano. Usiende nazo nyumbani zikalale. Weka daftari, na daftari lishikwe na mtu ambaye si rafiki yako mkubwa.

Siku hizi kikundi chetu kimesajiliwa. Sheria ya vikundi vya jamii ya 2022 yataka watu wasiopungua kumi, sisi tuko kumi na wanne. Tuna akaunti, tuna katiba ya kurasa nne, tuna muhuri ambao khalati yako huushika kama dhahabu. Nawe mahali popote utakapoanza na vijana wenzako, anzeni na usajili. Serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, lakini asiye na karatasi hapewi hata kazi ya kutumbuiza Siku ya Mashujaa. Cheti cha mwenendo mwema cha polisi kichukue mapema pia, kwa kuwa hutaki kugusa kazi ya watoto bila hicho. Na picha ya mtoto isipigwe kabla mzazi hajatia saini.

Ulinisimulia habari za Kamirithu kule Limuru, jinsi mwaka 1977 wakulima na vibarua wa kijiji walivyojijengea jukwaa wakaigiza kwa lugha yao, mwandishi mwenza wa mchezo wao Ngũgĩ wa Thiong’o akatiwa kizuizini bila kushtakiwa, na mwaka 1982 jukwaa likavunjwa. Wewe ulikuwa ukizungumzia ushujaa, nami ushujaa nimeuona. Ila kilichonikaa mimi ni kile ulichokisema kwa kupita tu, kwamba wanakijiji waliokuja kutazama mazoezi walikuwa wakisahihisha maneno, na walioandika wakakubali kusahihishwa. Hapo mwanangu nilitua simu nikafikiri sana.

Usije hapa na mchezo uliokwisha kuandikwa. Nenda kijijini Matondoni, kaa na wanawake wanaosuka mikeka, ushike miyaa na wewe usuke. Vidole vyako vimesahau, watakucheka kidogo, waache wacheke. Kabla ukili wako haujafika pima moja watakuwa wameanza kukwambia yanayowauma: mtoto aliyeingia kwenye unga wa kulevya, mume ambaye bahari aliyokuwa akivulia imekuwa njia ya meli tangu gati la kwanza la bandari mpya lilipofunguliwa 2021, msichana aliyeacha shule. Usitoe kalamu. Sikiliza. Na ukizungumza, zungumza Kiamu chako, Kiswahili cha kwetu Lamu, hicho cha Nairobi kiache gatini Mokowe kabla hujavuka.

Kusikiliza huku kuna jina kubwa pia. Mwaka 2019 baraza la kitaifa la kesi za mazingira lilipofuta leseni ya kile kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichotaka kujengwa huku kwetu, sababu mojawapo ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ushirikishwaji wa umma, ndivyo inavyosema sheria. Niliposikia nilikukumbuka wewe. Mtu anayeweza kulifanya jambo gumu lieleweke uani, mbele ya akina mama wasiosoma, na wao wakajibu kwa sauti yao, huyo anahitajika kila panapoitishwa mkutano.

Wasichana na wavulana usiwachanganye siku ya kwanza. Wazee wa mtaa waone kwanza, na ukienda usiende peke yako, enda na ami yako. Sikwambii haya kwa woga. Mama akimruhusu bintiye mara moja asijute, kesho atakuletea na wa jirani. Akijuta, mtaa mzima umefungwa.

Habari ya kipato sitakudanganya. Kazi hii ina kaskazi na kusi. Kaskazi wageni wamejaa, hoteli zataka ngoma, miradi inafunguliwa. Kusi ikivuma mahoteli yanafunga na wafadhili nao wako kimya, na wewe kodi ya nyumba haijui msimu. Mimi kilichonivusha ni kofia. Ile ya babako, yenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, ilinichukua miezi mitatu, na zile za kuuza ndizo zilizokulipia karo kidato cha tatu. Uwe na kofia yako, chochote kile, na usiione kama umeisaliti sanaa.

Kwa hiyo hoteli sikukatazi. Mapokezi ni kazi ya halali na wewe una adabu ya wageni. Ila uliposema “niyaache haya mambo” sauti yako ilishuka, nami mamako nilisikia.

Sasa sikiliza. Alhamisi iliyopita kikundi kilikutana. Wanaojua vugo zima, mwanzo hadi mwisho, wamebaki watatu, na mkubwa wao ni bibi yako na magoti yake. Wenzangu wamekata shauri kutafuta mtu wa kuwafundisha wasichana wa mtaa, kuzirekodi nyimbo, na kuandika kila wimbo ulitoka kwa nani na nani alimfunza. Jina lako lilitajwa na mwingine, wallahi si mimi. Nilipolisikia nilitoka, nikakaa barazani mpaka wamalize. Wamelijadili saa nzima. Yule ambaye pembe yake ilikuwa ya kwanza kizingitini kwangu ndiye aliyekutetea.

Wamekubaliana hivi: miezi mitatu, shilingi 9,000 kwa mwezi kutoka sanduku letu, siku nne kwa wiki baada ya Alasiri, na mwisho wake uwe na daftari la nyimbo lililokamilika, nakala moja ibaki kwa kikundi. Hakuna wa kulichapa wala kulitia mtandaoni bila kikao. Najua hoteli watakupa zaidi ya hizo. Mkataba umeandikwa, ukurasa mmoja, umetiwa saini na mwenyekiti na mweka hazina. Mahali pako pako wazi. Mimi sikutia saini wala sitatia.

Wamekupa mpaka mwisho wa mwezi. Ukikataa hakuna atakayekununia, nitahakikisha. Ukiwa na neno juu ya malipo au siku, liseme, ndiyo maana imeandikwa kabla. Na jibu lolote utakalokuwa nalo, mpigie mwenyekiti, usinipigie mimi.

Ukija, panda basi la alfajiri, kaka yako atakungoja Mokowe. Niletee uzi mweupe wa kofia, ule mwembamba, hapa madukani umekwisha. Bibi yako anakusalimu na anauliza kama bado wakumbuka kushika kijiti kwa vidole viwili.

Wasalaam,

Mamako